Himalayan 411 na vidude vya mafuta: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Karibu kila mtu aliyenunua Royal Enfield Himalayan 411 hapa Kenya huuliza swali hili baada ya miezi miwili mitatu: nifunge kile kidude cha kuongeza mafuta, au ni pesa ya bure? Huuliza kwa sababu amesikia pikipiki inazima kwenye foleni, au inavuta kwa kusitasita chini ya mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika, au inapasuka-pasuka kwenye ekzosi akiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko. Halafu rafiki akamwambia kwamba kampuni huiwekea injini mafuta machache kusudi ipite vipimo vya moshi vya Ulaya, na dawa ni kidude fulani.

Nitajibu kwanza, kisha nieleze. Kama pikipiki yako bado ina ekzosi na chujio la hewa la kiwandani, uwezekano mkubwa ni kwamba huhitaji kidude chochote. Watu wanaokihitaji kweli ni wa aina mbili tu, na nitawataja. Nimepanga chaguo sita, kuanzia ile ninayokusihi uianze mpaka ile ninayokusihi usiiguse.

Kabla ya kupanga, tujue tunachokishughulikia. Himalayan ya 411 ilitoka mwaka 2016. Ina pistoni moja, inapozwa kwa hewa na oili, na nguvu zake ni farasi 24.5 kwenye mizunguko 6,500, pamoja na Nm 32 za kuvuta. Tangi lake ni lita 15, gurudumu la mbele inchi 21. Uzito unakaribia kilo 200 ukijaza mafuta. Kwa hiyo tangu mwanzo ni pikipiki nzito yenye nguvu za wastani.

Sasa ilete Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Farasi wako 24.5 wamebaki 20 na ushei. Panda mpaka Timboroa, mita 2,700 na zaidi, wamebaki kama 18. Anayetoka Mombasa na pikipiki ileile atadhani imeugua njiani, kumbe hewa ndiyo imepungua. Hakuna kidude cha mafuta kinachoweza kuirudisha hewa hiyo. Injekta, kile kifaa kinachonyunyizia petroli kwenye injini, inaweza kumwaga petroli zaidi, lakini petroli isiyo na hewa ya kuichoma hutoka kwenye ekzosi ikiwa harufu na masizi.

Tena, tofauti na kabureta, mfumo wa injekta unajirekebisha wenyewe kwa mwinuko. Kompyuta ya injini inasoma shinikizo la hewa, joto la hewa, na jinsi ulivyofungua mkono wa mafuta, kisha inaamua injekta ikae wazi kwa muda gani. Kwenye ekzosi kuna lambda sensa inayonusa oksijeni iliyobaki. Unapokwenda mwendo uleule taratibu, kompyuta inaifuata sensa hiyo na kushikilia takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukivuta mafuta kwa nguvu, inaacha kuisikiliza na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani, ambalo tayari linaongeza petroli.

Hapo ndipo ahadi nyingi za wauzaji huanguka. Ukivuta mafuta yote kupanda mlima, pikipiki tayari inapewa mafuta ya ziada. Ukienda mwendo wa utulivu, lambda sensa itayapunguza yale uliyoongeza. Kinachobaki ni ile nafasi ya katikati: unapofungua mafuta kidogo kutoka mwendo mdogo, unapotoka kwenye kona ya mchanga, unapopita foleni ya Waiyaki Way kwa gia ya pili. Hapo kidude kizuri kinaweza kusaidia, na dereva atausikia msaada huo mkononi, kwa sababu injini inaitika bila kusita. Nguvu za juu zinaweza kuongezeka kwa asilimia chache tu.

Niliyajifunza haya kwa kulipa. Himalayan yangu ilianza kuzima kila nilipoachia mafuta kukaribia makutano. Nikamwamini muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikanunua kidude cha bei ndogo kinachochomekwa kwenye sensa ya joto la hewa. Wiki ya kwanza nilidhani imepona. Wiki ya pili nikaenda Magadi, na nilipokuwa nikirudi mchana, kuanzia Olorgesailie mpaka Kona Baridi, pikipiki ilikuwa inanuka petroli na kuvuta kwa uzito. Nikazima pembeni ya barabara, nikaiacha ipoe, nikafungua plagi. Ilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayofutika kwa kidole.

Nilimpelekea fundi mzee anayejua injini hizi. Hakuuliza juu ya kidude. Aliisikiliza ikinguruma, akasema, "Kijana wangu, iache hapa mpaka kesho. Injini ikiwa moto vipimo vinadanganya." Asubuhi akafungua kifuniko cha tapeti (sehemu zinazosukuma vali), akachukua fila geji (mabamba membamba ya kupimia nafasi), akajaribu kupitisha bamba kwenye vali ya ekzosi. Halikuingia. Akachukua bamba jembamba zaidi, nalo likakwama. Vali ilikuwa haifungi sawasawa injini ikipata moto, mgandamizo unavuja, ndiyo maana ilikuwa inazima. Alilegeza nati, akageuza skrubu kidogo sana, akakaza, akapima tena. Kazi nzima haikumaliza saa mbili. Kidude nilikitoa siku hiyo hiyo, na pikipiki haijazima kwenye makutano tangu hapo.

Kwa hiyo orodha yangu inaanzia kwa fundi, kabla ya dukani.

Ya kwanza: sevisi kamili ya mambo yanayofanana na "mafuta machache"

Hii ndiyo chaguo bora kwa mtu mwenye pikipiki isiyobadilishwa, na ndiyo nafuu kuliko zote. Mwambie fundi akupimie tapeti injini ikiwa baridi kabisa, kwa vipimo vilivyo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Za 411 zinarekebishwa kwa skrubu na nati, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kukosa vipuri. Mwambie asafishe throto bodi, yaani mlango wa hewa ya injini, kwa sababu vumbi la barabara za Kajiado na mvuke wa oili hutengeneza utando mweusi kwenye kibamba cha hewa, na utando huo peke yake unatosha kuzimisha injini kwenye foleni. Badilisha plagi. Badilisha chujio la hewa kama limekunywa vumbi la safari mbili za kaskazini.

Kisha kuna kitu ambacho mafundi wengi hukiruka: mpira unaounganisha throto bodi na kichwa cha injini. Ukipasuka au klempu ikilegea, hewa isiyohesabiwa inaingia, na dalili zake ni zilezile za mafuta machache. Injini ikiwa inanguruma, puliza kabu klina (dawa ya kopo ya kusafishia kabureta) kidogo kuzunguka mpira huo, ukiwa mbali na sehemu za moto za ekzosi. Mlio wa injini ukibadilika ghafla, umepata tundu. Kazia klempu au ununue mpira mpya.

Angalia pia cheni. Cheni iliyolegea sana inafanya pikipiki iruke-ruke kwenye mwendo mdogo, na mwenyewe anaapa kwamba ni mafuta. Na petroli: kituo kinachochanganya mafuta ya taa hakitibiki kwa kidude. Uchakachuaji ulikuwa umezidi nchini kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwaondolea wachakachuaji faida. Jaza kwenye kituo kimoja unachokiamini kwa matangi mawili mfululizo kabla ya kuilaumu pikipiki.

Ukifanya haya yote na shida ikaisha, funga pochi.

Ya pili: sproketi ya mbele ya meno 14

Sproketi ni gurudumu la meno linalozungusha cheni, na najua si kidude cha mafuta. Lakini mtu anayelalamika kwamba Himalayan yake haivuti milimani, hiki ndicho anachokitafuta bila kujua. Kiwandani inakuja na meno 15 mbele na 38 nyuma. Ukiweka 14 mbele, nguvu ya kuvuta inayofika gurudumuni kwenye kila gia inaongezeka kwa asilimia 7. Hakuna kidude cha mafuta kitakachokupa asilimia 7 kwenye injini hii ikiwa na ekzosi ya kiwandani, na sproketi ya mbele bei yake ni sehemu ndogo sana ya kidude.

Malipo yake ni kwamba kwa mwendo uleule injini itazunguka zaidi kwa hiyo asilimia 7. Anayekaa kwenye barabara ya Mombasa kila wiki ataichukia. Anayepanda Mai Mahiu na mizigo miwili ya pembeni, au anayetambaa kwenye mawe ya kuelekea Ziwa Turkana kwa gia ya kwanza bila kuchoma klachi, atashangaa kwa nini alichelewa. Baada ya kuibadilisha, rekebisha mkao wa cheni upya, na kila sevisi angalia ule mpira unaolinda swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma), maana cheni sasa inapita karibu nao zaidi.

Ya tatu: kidude cha sensa ya joto, kile cha kweli

Hapa ndipo vidude vinaanzia, na huyu ndiye mnunuzi wa kwanza ninayemkubalia: mwenye pikipiki ya kiwandani iliyofanyiwa kila kitu hapo juu, bado inasitasita ukifungua mafuta kidogo kutoka mwendo mdogo, na yeye huendesha sana mjini au kwenye vijia vya mawe.

Mfano unaojulikana ni BoosterPlug ya Denmark. Kinachomekwa kati ya sensa ya joto la hewa na waya zake, na kina sensa yake ndogo inayokaa nje kupima hewa ya kweli. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kwamba hewa ni baridi kwa takriban nyuzi 20 kuliko ilivyo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo kompyuta inaongeza petroli kwa karibu asilimia 6. Jambo la maana ni kwamba uongo huo unabaki nyuzi 20 popote uendapo. Joto likipanda namba inayoifikia kompyuta inapanda, likishuka inashuka, kwa hiyo mfumo bado unajua tofauti ya alfajiri na mchana.

Kinafungwa kwa nusu saa bila kukata waya, na kinatolewa kwa dakika tano ukitaka kuuza pikipiki. Kasoro yake ni kwamba kinaongeza kwa kiwango kimoja kila mahali, hata pale ambapo jedwali la kiwanda lilikuwa sawa. Pia fikiria tangi. Himalayan hutembea karibu kilomita 30 kwa lita, yaani kama 450 kwa tangi zima. Petroli ikizidi kwa asilimia 6 mwendo wote, umepoteza kama kilomita 25. Kati ya Nairobi na Nakuru hiyo si hasara. Kati ya Marsabit na Loiyangalani, ambako utanunua petroli ya mitungi kwa bei ya mwenye mtungi, ihesabu. Kwa kawaida hasara huwa ndogo zaidi, kwa vile lambda sensa inapunguza kwenye mwendo wa utulivu, lakini msafiri wa kaskazini hupangia hali mbaya kwanza.

Ya nne: kidude kinachokaa kati ya kompyuta na injekta

Mnunuzi wa pili ninayemkubalia ni aliyekwisha badilisha ekzosi na chujio la hewa. Injini yake sasa inapumua tofauti na ilivyoandikwa kwenye jedwali, na akivuta mafuta kwa nguvu, mahali ambapo lambda sensa haisikilizwi, ni kweli inaweza kukosa petroli. Kwake kidude cha nyuzi 20 ni kukisia. Anahitaji kitu kinachorefusha au kufupisha muda wa injekta kulingana na mizunguko na ufunguaji wa mafuta.

FuelX ya Race Dynamics, kampuni ya Bengaluru, imetengenezwa kwa ajili ya pikipiki kama hizi za India, Himalayan ikiwamo, na soketi zake zinaingia kwenye zile za kiwandani. Bei yake inapanda ukijumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 hapa kwetu, kwa hiyo piga hesabu ya jumla kabla ya kuagiza, na uandike modeli na mwaka wa pikipiki kwa usahihi, maana soketi za mwaka mmoja si lazima ziingie kwenye mwaka mwingine.

Kama umebadilisha kopo la nyuma la ekzosi tu na bomba la mbele pamoja na katalisti (chombo cha kusafisha moshi) bado ni la kiwandani, ngoja kwanza. Badiliko hilo mara nyingi ni la mlio kuliko la hewa. Endesha wiki mbili, fungua plagi, tazama rangi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huna unachokitibu.

Ya tano: jedwali la kupimwa kwenye mashine

Vifaa kama Power Commander ya Dynojet vinaheshimika sana, na vinastahili. Lakini thamani yake inatoka kwa fundi mwenye mashine ya kupimia nguvu na kipimo cha hewa na mafuta kwenye ekzosi, anayeandika jedwali la pikipiki yako mwenyewe, katika mwinuko wako. Bila fundi huyo umenunua jedwali la mtu mwingine. Kwa pikipiki ya farasi 24, hata fundi akiwapo, sioni sababu ya kutumia fedha hizo. Zinatosha tairi mbili nzuri, na tairi zitabadilisha safari yako zaidi. Kwa mwenye injini kubwa ya silinda mbili ningesema mengine.

Ya mwisho: resista iliyofungwa kwenye mpira mweusi

Hiki ndicho nilichokinunua mimi. Baada ya kukitoa nilikichana kwa wembe. Ndani mlikuwa na resista moja (kizuizi kidogo cha umeme) na waya mbili, basi. Kinachukua nafasi ya sensa ya joto na kuiambia kompyuta namba moja isiyobadilika. Tuseme namba hiyo ni nyuzi 5. Ukiwa Limuru alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 10, uongo ni wa nyuzi tano na petroli haizidi sana. Ukishuka Magadi mchana, nyuzi 38, uongo umekuwa wa nyuzi 33 na petroli imezidi kwa zaidi ya asilimia 10, kwenye mlima, kwenye joto, injini ikiwa tayari imechoka. Ndiyo ile plagi nyeusi. Ukiendelea hivyo kwa muda mrefu, petroli isiyoungua inaharibu katalisti, na nyingine inapita kando ya pistoni na kuipunguza makali oili.

Kwenye kapu hilo hilo weka sumaku za kubana kwenye bomba la mafuta na "chipu" za kuchomeka zenye taa zinazowaka. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa vingi vya aina hiyo kwa miaka mingi na kukuta ni vichache mno vilivyoonyesha nafuu yoyote, tena ndogo. Usimpe mtu pesa yako kwa sumaku.

Wenye Himalayan mpya ya 450, iliyotoka mwishoni mwa 2023, hii orodha si yao. Injini ile inapozwa kwa maji, ina farasi 40, na mkono wa mafuta unaongozwa kwa umeme. Fanyeni sevisi na mwendeshe. Na mwenye pikipiki ya kabureta hana kompyuta ya kudanganya. Akibadilisha ekzosi anachohitaji ni jeti (kitundu cha kupitishia petroli) kubwa kidogo, kazi ya fundi wa kawaida na sarafu chache.

Ukiamua kununua cha tatu au cha nne, kabla ya kukifunga chagua kilima kimoja na kona moja unazozijua. Panda mara tatu kwa gia ileile, asubuhi, na uandike inavyoitika. Jaza tangi mpaka shingoni, tembea, jaza tena, uandike lita. Kisha funga kidude na urudie njia ileile katika joto lile lile, maana usipoandika, masikio yatasikia kile ambacho pochi imelipia. Baada ya kilomita mia mbili tatu fungua plagi uitazame.

Wakati wa kufunga, toa waya ya hasi ya betri kwanza. Pitisha waya mbali na bomba la ekzosi na mbali na shingo ya usukani inapogeuka. Paka grisi ya umeme kwenye soketi, kwa sababu mto mmoja wa msimu wa mvua unatosha kuingiza maji. Na usikubali fundi akate waya ya kiwandani hata moja: kidude kikifa jangwani, unatakiwa uweze kukichomoa, urudishe soketi ya asili mahali pake, na uwashe pikipiki uondoke. Jaribu kufanya hivyo nyumbani mara moja, usiku, kwa tochi ya simu, na kwa zile spana tu unazobeba safarini.